Damu ya pweza, mrututu na bangili ya sumaku

Ndugu Mhariri,

Hii ni barua yangu ya pili gazetini tangu nizaliwe. Ya kwanza niliiandika nikiwa kijana, kulalamikia bomba la mtaani kwetu, na bomba lile mpaka leo hutoa maji likipenda. Kwa hiyo siandiki kwa matumaini makubwa. Naandika kwa sababu ukurasa wenu wa afya wa miezi mitatu nyuma umeingia ndani ya ukoo wangu na kufanya uharibifu, nami nimesomesha kemia katika skuli za sekondari hapa Unguja kwa miaka 31. Nikinyamaza, wanafunzi wangu watanicheka.

Makala yenu ilisema kwamba damu ya binadamu ina chuma, na kwa kuwa chuma huvutwa na sumaku, bangili ya sumaku ikivaliwa mkononi hukusanya chuma kilicholala mwilini na kuongeza damu. Ikasema bangili hiyo ikitiwa na shaba ni bora zaidi, kwani shaba hufyonza baridi yabisi, na ile alama ya kijani inayobaki kwenye ngozi ni ugonjwa unaotoka. Kisha, kwa mbwembwe, mwandishi akamwingiza pweza: eti kwa kuwa damu yake haina chuma, hana sumaku ya mwili, ndiyo maana ni kiumbe dhaifu asiyeishi sana.

Nianze na la nyumbani. Mtoto wa marehemu kaka yangu ni mjamzito. Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu, vile vya chuma. Vina karaha zake, hilo silifichi: vinachafua roho, vinafunga choo, na choo chenyewe kikija ni cheusi kama masizi. Binti akasoma makala yenu, akaenda kwa muuzaji mmoja ambaye alikwishaukata ukurasa wenu na kuubandika kwenye meza yake ya biashara, akatoa shilingi 45,000, akavaa bangili. Vidonge akavitia kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati. Alipokwenda kupimwa tena baada ya wiki nane, damu ilikuwa imeshuka kutoka 10.4 hadi 8.7. Muuguzi akamuuliza kama anameza vidonge vyake. Akanyanyua mkono kumwonyesha bangili.

Sikumgombeza. Yeye kasoma gazeti, na katika nyumba yetu gazeti lina heshima yake. Nilimwambia tu, "Nivulie hiyo bangili, mwanangu, niondoke nayo." Akasema, "Shangazi, hata hujaijaribu." Basi nikaijaribu.

Sumaku, Mhariri, haiulizi jina la metali. Hapo ndipo makala yenu ilipopotea tangu mstari wa kwanza. Inachouliza ni elektroni, kile kichembe cha ndani ya atomu: iko peke yake, au ina mwenzake? Elektroni iliyo peke yake ni sumaku ndogo mno. Elektroni mbili zilizopata kuoana hugeuziana migongo, na sumaku zao zinafutana. Na kwa zile metali za katikati ya jedwali la elementi, chuma, shaba, manganizi, kobalti na jamaa zao, kuwa peke yake au kuwa na mwenza kunategemea sana nani aliyeishika metali hiyo na nani anayekaa jirani. Chuma cha msumari, chuma cha kutu, chuma cha damu na chuma cha kidonge ni chuma kilekile, na mbele ya sumaku ni watu wanne tofauti.

Nilikwenda Darajani, mahali palipobaki na jina la daraja ambalo halipo tena, nikanunua mrututu. Vijana wanaweza wasiujue. Wazee wanaujua kwa vidonda, na wakulima wanaujua kwa kuua ukungu. Ni chumvi ya shaba, buluu ya kupendeza. Nikachagua punje moja ya ukubwa wa kokwa ya tende, nikaifunga uzi wa kushonea, nikaining'iniza kwenye boriti ya chumba cha nyuma na kufunga madirisha, maana kaskazi ilikuwa inavuma. Nikangoja mpaka ikatulia kabisa. Kisha nikaisogezea sumaku niliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu ya mjukuu wangu, zile sumaku ndogo za kung'aa zinazobana vidole. Punje ikaja. Polepole, kama mtu anayeitwa na hataki kuonekana anakimbilia, lakini ikaja. Nikatoa punje, nikaweka kipande cha waya wa shaba safi. Huo haukuja. Basi shaba ya waya haivutwi na shaba ya mrututu inavutwa. Metali ni ileile moja.

Bangili ya elfu arobaini na tano haikuutikisa hata huo mrututu. Hilo niliandike mapema, muuzaji asije akadai sikumtendea haki.

Sababu ya mrututu kuvutwa ni kwamba kila atomu ya shaba ndani yake imepoteza elektroni mbili na kubakiwa na moja isiyo na mwenzake, na imezungukwa na maji. Kila shaba iko mbali na nduguye, kila moja na upweke wake. Sasa chukua shaba hiyohiyo uipeleke kwenye siki. Mimi hutumia siki nyeupe ya dukani, vipande vya waya vilivyochunwa plastiki, kijiko cha haidrojeni peroksaidi ile ya kusafishia vidonda, na chembe ya chumvi ya kuharakisha mambo. Maji yanageuka buluu. Ukiyaacha dirishani kwenye glasi pana, baada ya siku tisa kumi hivi utakuta chini fuwele za kijani cha kuiva, zinazokaribia weusi. (Glasi hiyo isirudi jikoni. Ni sumu, na mjukuu wangu mmoja ana tabia ya kulamba kila kinachong'aa.)

Ndani ya fuwele hizo shaba hazikai mojamoja. Zinakaa wawili wawili, na kila jozi imefungwa na vipande vinne vya asidi ya siki, kila kipande kimeshika shaba hii kwa mkono mmoja na shaba ile kwa mkono wa pili. Wanakemia huviita madaraja, na mimi sijapata neno bora. Kati ya shaba na shaba pana kama robo ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Na kupitia madaraja hayo, elektroni pweke ya upande huu inapata habari za elektroni pweke ya upande ule.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza miaka hiyo, "Mwalimu, zinapata habari gani?" Nikamtoa nje ya darasa, nikampeleka nyuma ya nyumba za walimu ambako wanawake wawili walikuwa wanatwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Angalia, nikamwambia. Huyu akinyanyua, yule anashusha. Hawajaambiana kitu, ila wakinyanyua pamoja na kushusha pamoja michi itagongana. Kinu chenyewe kimetulia hakiendi upande wowote, ijapokuwa kazi inayofanyika humo si ndogo. Ndivyo zilivyo shaba mbili za siki: sumaku moja juu, nyingine chini, na nje huoni kitu.

Tena hawatwangi sawasawa kila wakati. Kwenye joto letu la kawaida baadhi ya jozi hukosea mdundo, kwa hiyo fuwele za siki bado huvutwa, ila kwa nguvu pungufu. Jicho halioni tofauti na mrututu, inataka mizani. Nilipokuwa chuo kikuu, Mlimani, tulitumia mizani ya Gouy: unaning'iniza mrija mwembamba wa kioo wenye kitu unachokipima katikati ya ncha mbili za sumaku kubwa, unapima uzito sumaku ikiwa imezimwa, unapima tena ikiwa imewashwa, na ile tofauti ya sehemu za gramu ndiyo habari yenyewe. Shaba yenye elektroni moja pweke inatakiwa itoe namba ya nguvu ya sumaku ya 1.73 au juu yake kidogo. Mrututu ulitupa 1.9. Fuwele za siki zikatupa 1.4, tukadhani tumekosea, tukapima tena, 1.4. Mwalimu wetu alikuwa amekaa pembeni anakunywa chai, hasemi kitu. Nusu ya darasa ilikesha usiku ule ikitafuta kosa ambalo halikuwepo.

Ukizipoza ndipo utaona ajabu. Mrututu kadiri unavyopoa ndivyo unavyovutwa zaidi, jambo la kawaida kabisa. Fuwele za siki nazo huongeza mvuto mpaka kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, yaani baridi ya friza ya kugandishia samaki, kisha mvuto unaanza kushuka, na ukizifikisha kwenye baridi ya naitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, unakuwa umekwisha karibu wote. Baridi imewatuliza watwangaji, hakuna anayekosea mdundo. Mwaka 1952 Bleaney na Bowers wa Oxford waliziangalia fuwele hizi kwa vipimo vya sumaku wakatangaza kwamba shaba humo lazima ziwe zinakaa jozijozi. Hakuna aliyekuwa ameziona. Mwaka uliofuata van Niekerk na Schoening, huko Afrika Kusini, wakazipiga picha kwa eksirei, wakazikuta jozijozi kweli. Mimi napenda hadithi hii kuliko nyingi za wanasayansi, kwa sababu sumaku ilisikia watwangaji wawili kabla jicho halijawaona.

Sasa nimtetee pweza, maana hilo ndilo lililoniuma kwa jina la mama yangu.

Mama alikuwa mchokoaji. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, alishika mchokoo wake na kuufuata mwamba mpaka pale mawimbi yanapovunjika, mimi nyuma na kikapu. Alijua nyumba ya pweza kwa takataka za mlangoni: maganda ya kaa na kombe yaliyovunjwa, maana pweza ana tabia ya kula ndani na kutupa nje. Pweza wa mwamba wetu si dhaifu. Mikono minane inayomgandamiza mtu mzima, mioyo mitatu, na akili ya kumpotezea mtoto wa skuli mchana mzima. Haishi sana, hilo kweli. Jike hufa baada ya kuatamia mayai yake. Lakini hafi kwa kukosa chuma.

Mama alikuwa akisema damu ya pweza ni maji. Nami niliamini hivyo hadi siku moja, nimeshakuwa mwalimu, nilipomchana pweza aliyevuliwa saa ileile ndani ya bakuli jeupe la enameli. Majimaji yaliyotoka kwanza yalikuwa karibu hayana rangi. Nikayaacha nikashughulika na kitunguu. Niliporudi, juu pale panapogusa hewa palikuwa na ubuluu mwepesi, mfano wa nguo nyeupe iliyosuuzwa kwa bluu. Nikayakoroga kwa kijiko, ubuluu ukaenea bakuli zima.

Hiyo ni shaba. Katika damu ya pweza kuna protini kubwa sana iitwayo hemosianini, inayoelea moja kwa moja kwenye maji ya damu bila kufungiwa ndani ya seli kama hemoglobini yetu, ile protini yenye chuma. Hemoglobini moja hubeba oksijeni sehemu nne. Hemosianini moja ya pweza hubeba sehemu 70. Na kila sehemu ni jozi ya shaba, kila shaba imeshikwa na vijenzi vitatu vya protini viitwavyo histidini. Oksijeni ikiwa haijafika, shaba hizo zina elektroni zao zote zimeoana, hazina rangi, na sumaku haizihusu. Oksijeni ikifika hujilaza kati ya shaba mbili, ikawa daraja. Kila shaba inaikopesha elektroni moja na kubakiwa na moja pweke, rangi inageuka buluu, na ungetegemea sasa sumaku iivute. Haivuti. Watwangaji wameshaanza. Daraja la oksijeni ni imara kuliko la siki, kiasi kwamba hata kwenye joto la bahari yetu hakuna jozi inayokosea mdundo. Oksijeni ikishuka, shaba zinarudishiwa elektroni zao, buluu inatoweka. Mchezo huo unachezwa ndani ya kamba, kaa, konokono na hata nge anayejificha chini ya mkeka wako.

Hayo si ya baharini tu. Mama mwenye nyumba akikata bilinganya bila kulitia kwenye maji ya chumvi, linageuka kahawia. Anayelitia kahawia ni kimeng'enya chenye jozi ya shaba za namna ileile, inayochukua oksijeni kwa daraja lilelile. Ndugu yake wa karibu, tirosinasi, ndiye anayetupa weusi wa ngozi zetu. Na zile krimu za kujichubua zenye asidi ya koji zinafanya kazi kwa kumkamata huyo shaba asifanye kazi yake. Nawaambia mabinti wanaokuja kwangu na mkorogo: umelipa pesa kuzuia mashine ambayo pweza angeililia. Hawacheki. Labda si ya kuchekesha.

Tuje kwenye chuma chetu. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, uzito wa msumari mdogo mmoja, na sehemu kubwa yake, kama theluthi mbili, imo kwenye hemoglobini. Humo chuma kinakaa kimojakimoja, mbalimbali. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walipima hemoglobini ya damu kwa sumaku huko California: iliyobeba oksijeni inasukumwa kidogo mno, iliyotua oksijeni inavutwa kidogo mno. Kidogo mno, nasisitiza. Ni mambo ya mizani nyeti, si ya bangili. Kama sumaku ingekusanya damu, anayeingizwa kwenye ile mashine kubwa ya hospitali ya kupiga picha kwa sumaku angetoka vipi? Sumaku ya mashine ile ni tesla 1.5 au 3, inaweza kunyakua mkasi mkononi mwa muuguzi. Wanakuvua hereni, saa na pini za nywele. Damu wanakuachia.

Na hicho chuma "kilicholala" kipo, mwandishi wenu hakukosea hapo. Kimehifadhiwa zaidi kwenye ini, wengu na uboho, ndani ya protini iitwayo feritini. Ni kama ghala la duara lenye kuta za vipande 24, na ndani yake huweza kukaa atomu za chuma hadi 4,500, zimeungwa na madaraja ya oksijeni, daraja juu ya daraja, karibu na mambo ya kutu. Na mnajua zinafanya nini humo. Zinatwanga. Huyu juu, yule chini, maelfu kwa maelfu, na mvuto unaobaki ni mdogo. Chuma hicho hakiamshwi na sumaku. Kinatolewa na mwili wenyewe kwa kazi ya kikemia, na ghala likiwa tupu, kama lilivyo kwa wajawazito wengi, hakuna cha kuamsha. Lazima mtu ale.

Nisionekane nasema madaraja daima hufuta sumaku. Kuna buluu ya Prussia, rangi iliyopatikana Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, ambamo chuma na chuma vimeunganishwa kwa daraja la sianidi. Ukiifikisha baridi ya nyuzi kama 267 chini ya sifuri, elektroni pweke zote humo zinaelekea upande mmoja, kama watu wanaokokota ngarawa kwa harambee, ikawa sumaku kamili. Na hiyo yenye sianidi ndani, neno la kutisha, ni dawa ya kumeza. Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, watu walipovunja kifaa cha hospitali kilichotelekezwa chenye siziamu ya mionzi, wagonjwa 46 walipewa buluu ya Prussia. Siziamu inanaswa katika vyumba vya fuwele hizo, ikatoka na choo. Sianidi haikuwadhuru kwa sababu chuma kimeishika, hakiiachii.

Na ile alama ya kijani mkononi? Ni jasho limekula shaba, ndugu yangu. Chumvi za shaba, jamaa za zile fuwele zangu za dirishani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitoa matokeo ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi waliovaa kwa zamu bangili za shaba na mikanda ya sumaku, pamoja na za bandia, wenyewe hawajui ni ipi. Maumivu, uvimbe na vipimo vya damu havikutofautiana kwa maana yoyote.

Kidonge nacho nimekijaribu, ili nisiseme nimemwonea muuzaji peke yake. Nilikisuguasugua rangi yake ya juu, nikakiponda, nikatia nusu kwenye kikombe cha chai ya rangi, kavu, bila maziwa. Ilikuwa nyekundu ya kawaida. Ikawa nyeusi kwa kukoroga mara tatu, nyeusi ya wino, na kweli wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa hivyo, kwa chuma na maji ya vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni. Chai imekikamata chuma na haitaki kukiachia tumboni. Nikamwita binti aje aone. Alikuwa akimeza vidonge asubuhi, na chai, na chapati, kila siku tangu aanze. Hakuna aliyemwambia. Nilimwona anakitazama kile kikombe muda mrefu, kuliko alivyoitazama bangili.

Sasa anameza usiku kabla ya kulala, na maji ya chungwa. Roho bado inachafuka. Kipimo chake kinachofuata ni mwezi ujao.

Ombi langu, Mhariri, ni sahihisho. Ukurasa uleule wa afya, herufi za ukubwa uleule, si mistari miwili chini ya matangazo ya vifo. Na nawaomba mliandike kwa namna ya kukatika vizuri kwa mkasi, kwa sababu yule muuzaji bado kaubandika ule wa kwanza, nami nakusudia kwenda kumpelekea na huu aubandike kando yake.

Bangili ninayo mimi. Imebana kadi ya kliniki ya binti kwenye mlango wa friji langu, na kwa kazi hiyo haina kasoro. Mwandishi wenu akiitaka, aje kuichukua wakati wa bamvua, afike alfajiri maji yanapotoka, na asije na ndara maana mwamba wetu una miiba. Pweza atamwona mwenyewe. Mrututu bado unaning'inia kwenye boriti, madirisha nitafunga.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Jambiani, Unguja